Nairobi Mpaka London: Ni Safari ya Saa Ngapi?

Katika uwanja wa ndege wa Nairobi, mahali pa kupokelea wageni, hawakosekani kamwe watu waliokosea hesabu. Mzee ametoka Murang'a pamoja na mkewe, wanawe na majirani kumi, ndani ya gari la kukodi, kumpokea kijana aliyemaliza masomo Uingereza. Kijana alikuwa amewajulisha kwamba ndege yake itaondoka London saa nne u nusu asubuhi, na jirani mmoja mwenye kujua mambo aliwaambia kwamba ndege huchukua muda wa saa 8 u nusu. Wakajumlisha wakapata saa moja ya jioni. Wakafika saa kumi na mbili, wasije wakachelewa. Saa moja ikapita, na saa mbili ikapita, watoto wakalala juu ya viti, na mama mzazi akaanza kunong'ona kwamba pengine jambo baya limetokea huko angani. Ndege ilitua saa nne ya usiku, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yake barabara. Haikuchelewa hata dakika moja.

Kosa hilo lilileta hofu na njaa, basi. Liko kosa jingine lenye gharama kubwa zaidi, nalo ni la msafiri ambaye tiketi yake yasema Jumatano, 00:30. Msafiri huyo hushinda nyumbani Jumatano kutwa akiagana na jamaa, na jioni hupanda gari kwenda uwanjani na mizigo yake. Akifika huambiwa ya kuwa ndege yake iliondoka tangu jana yake usiku, na muda huo imekwisha kufika, abiria wamekwisha kushuka na kwenda zao. Tiketi ile huenda ilinunuliwa kwa mchango wa ukoo mzima.

Makosa yote mawili hutokana na kudhani kwamba swali la umbali na muda wa safari lina jibu moja. Lina majibu kadhaa, na kila moja ni kweli mahali pake.

Tuanze na umbali. Baina ya uwanja wa Nairobi na uwanja wa Heathrow, ulioko magharibi ya mji wa London, ni yapata kilomita 6,840, yaani maili 4,250, ukipimwa juu ya mgongo wa dunia kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Ni sawa na kuruka kutoka Nairobi mpaka Mombasa karibu mara 16. Lakini mwanafunzi akichukua rula na kupima katika ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani shuleni, akitumia kipimo kifaacho karibu na Ikweta, huenda akapata karibu kilomita 8,000. Kilomita elfu moja na zaidi zimetoka wapi? Zimetoka katika ramani yenyewe. Ramani nyingi za ukutani zimechorwa kwa namna aliyoitunga Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Dunia ni mviringo kama chungwa, na ganda la chungwa halikubali kulala juu ya meza bila kupasuka au kuvutwa. Mercator alilivuta, na kadiri mtu aendavyo mbali na Ikweta ndivyo nchi zilivyovutwa zaidi. Huko London kila kitu kimepanuliwa zaidi ya mara moja na nusu. Kisiwa cha Greenland kimevutwa hata kikaonekana kukaribia ukubwa wa Afrika nzima, hali Afrika yaweza kukimeza mara 14.

Atakaye kipimo cha haki na achukue tufe, yaani ule mfano wa dunia wa mviringo, avute uzi kutoka Nairobi mpaka London na kuukaza. Uzi ukikazwa hushika wenyewe njia iliyo fupi. Katika safari nyingine njia hiyo humshangaza mtu aliyezoea ramani ya ukutani: ndege zitokazo London kwenda Los Angeles hupita upande wa Greenland penye barafu, na abiria huweza kudhani rubani amepotea. Safari ya Nairobi haina maajabu hayo, kwa kuwa ndege huelekea zaidi kaskazini kuliko magharibi. Mstari ulionyoka katika ramani na uzi uliokazwa juu ya tufe hutofautiana kwa kilomita 30 hivi tu.

Tofauti iliyo kubwa zaidi huletwa na wanadamu. Ndege haikatizi anga kama kunguru akatizavyo shamba. Hupewa njia, na kila nchi ina haki ya kuruhusu au kukataza kupitwa juu yake. Uzi ule wa Nairobi na London hupita juu ya Sudan, na vita vilipozuka katika nchi hiyo mwezi wa Aprili 2023, ndege za abiria zilibidi kuikwepa na kuzunguka pembeni, zikiongeza kilomita, dakika na mafuta.

Sasa muda. Ndege kubwa za siku hizi huenda kwa mwendo wa kilomita 900 hivi kwa saa moja. Ukigawanya kilomita 6,840 kwa 900 utapata muda wa saa 7 na dakika 36. Hata hivyo ratiba za mashirika huandika muda wa saa 8 u nusu mpaka saa 9 na kidogo. Hapa pana saa nzima na zaidi inayohitaji kuelezwa.

Sehemu moja hupotea ardhini. Muda wa ratiba hauhesabiwi toka magurudumu yanapoacha ardhi. Huhesabiwa toka ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa tena kule iendako. Katikati yake kuna kujikokota polepole kuelekea mwanzo wa barabara ya kurukia, na kungoja zamu. Kufika London nako si kutua papo hapo. Heathrow ni uwanja wenye shughuli nyingi mno, na mara nyingi rubani huamriwa azunguke angani, ndege juu ya ndege kama ngazi, mpaka aitwe ateremke.

Sehemu nyingine huliwa na upepo. Wanamaji wa pwani wamelijua jambo hili tangu zamani: jahazi lenye upepo wa tezi hufika upesi, na lenye upepo wa omo huhangaika. Juu ya Bahari ya Kati na Ulaya, kwenye kimo cha kilomita 9 mpaka 12, hupita mkondo wa upepo kama mto, utokao magharibi kwenda mashariki. Kasi yake huwa kilomita 100 kwa saa, na wakati wa baridi hata kuzidi 200. Ndege itokayo Nairobi huuingia mto huo ikiukabili kwa mshazari, na ile itokayo London husukumwa nao. Ndiyo sababu kwenda huchukua muda mrefu kidogo kuliko kurudi, kama nusu saa hivi, ingawa kilomita ni zile zile. Upepo ukigeuka au kutulia, tofauti hiyo hubadilika pia.

Nairobi yenyewe ina tabia yake. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambapo Heathrow ni mita 25 tu. Katika kimo cha Nairobi hewa ni nyepesi. Mabawa hupata kidogo cha kushika, na injini hupata hewa haba ya kuvuta, kwa hiyo ndege nzito hubidi kukimbia mbali zaidi kabla haijainuka. Jua la mchana huizidishia hewa wepesi, na shirika laweza kulazimika kupunguza shehena. Barabara ya kurukia ya Nairobi imefanywa ndefu kuzidi mita 4,000 kwa ajili hiyo. Baridi ya usiku ni msaada kwa ndege iliyojaa watu na mafuta, na tena ndege iondokayo karibu na usiku wa manane hufika London kumekwisha kucha, baada ya zile saa za usiku ambazo Heathrow hupokea ndege chache tu ili wakazi wa jirani walale.

Muda huo wa saa 9, ambao abiria wengine hulalamika kwamba unachosha miguu, wazee wa zamani wangeudhania ni hadithi. Mwezi wa Februari 1929 Jomo Kenyatta, ambaye siku zile aliitwa Johnstone, alipanda meli Mombasa kupeleka malalamiko ya watu wake London, akafika mwanzoni mwa Machi. Safari ilimchukua karibu majuma matatu, na meli ilihesabiwa kuwa imekwenda vizuri. Miaka miwili baadaye, Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya ndege kutoka London mpaka Kisumu na Mwanza, na mwaka 1932 njia hiyo iliendelezwa kupitia Nairobi mpaka Cape Town. Ilikuwa safari ya ndege kwa jina, lakini abiria walishuka na kupanda mara nyingi. Sehemu ya Ulaya waliivuka kwa garimoshi, bahari kwa ndege ya majini, jangwa kwa ndege ya nchi kavu, na kila jua lilipokuchwa walishuka wakalala hotelini, maana marubani hawakuruka gizani katika njia ile. London mpaka Cape Town ilipangiwa siku 11 hivi.

Mwaka 1937 zilikuja zile ndege kubwa za majini zilizotoka Southampton, zikaufuata mto Nile, zikatua juu ya ziwa huko Kisumu na kuendelea mpaka Mombasa, Dar es Salaam na Durban. Watu wa kando ya ziwa walikuwa wakiziona zikipasua maji kama mtumbwi wenye mabawa. Aliyetaka kwenda Nairobi alichukuliwa kutoka Kisumu na ndege ndogo ya Wilson Airways, shirika lililoanzishwa na Bibi Florence Wilson mwaka 1929.

Jinsi muda ulivyokuwa bado mrefu hata baada ya vita vikuu vya pili huonekana katika safari moja ijulikanayo na ulimwengu wote. Tarehe 6 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alikuwa katika nchi ya Nyeri alipopata habari kwamba baba yake, Mfalme George wa Sita, amefariki. Ilibidi arudi upesi iwezekanavyo, na hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kupewa usafiri wa haraka kuliko yeye. Alichukuliwa kwa ndege kutoka Nanyuki mpaka Entebbe, akacheleweshwa huko na dhoruba ya mvua, ndipo akapanda ndege kubwa aina ya Argonaut, yenye injini nne za mapanga. Ndege ikatua El Adem, nchi ya Libya, kuchukua mafuta, na jioni ya tarehe 7 ikafika London. Kutoka Entebbe peke yake ilikuwa ni muda wa saa 19 na zaidi.

Miezi mitatu haikutimia ila mambo yakageuka. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet, isiyo na mapanga, iliondoka London na abiria kwenda Johannesburg kupitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika katika muda usiotimia saa 24. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa nauli katika ndege ya namna hiyo, na Entebbe ilikuwa kituo chake. Furaha haikudumu. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani karibu na Italia, na wachunguzi wakagundua kwamba bati la kiwiliwili lilikuwa limechoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa mara kwa mara, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukakatika. Comet zilizorudi baadaye zilikuwa zimeimarishwa. Shirika la East African Airways, lililokuwa mali ya nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja, lilianza safari za London mwaka 1957 kwa ndege za mapanga, likapata Comet mwaka 1960, na ndege za Super VC10 mwaka 1966. Uwanja wa Embakasi, ambao leo huitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, ulikuwa umefunguliwa mwaka 1958, na sehemu ya jasho lililoujenga ni ya watu waliokuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Shirika lile lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo.

Wengi hawajui kwamba toka siku za VC10 mwendo wa ndege za abiria haukuongezeka. Ikikaribia mwendo wa sauti, hewa hujikusanya mbele ya ndege na kuizuia, na mafuta huteketea mno kwa faida ndogo. Ndege ya Concorde, iliyobeba abiria toka 1976 mpaka 2003, iliuvuka mpaka huo kwa gharama ambayo haikuweza kuendelea. Kilichopunguza muda wa safari ni kule kutotua njiani. Ndege za sasa hubeba mafuta ya kutosha na kwenda moja kwa moja, bila Khartoum, Benghazi wala Rome.

Limebaki jambo la saa za ukutani, lililomkosesha yule mzee wa Murang'a hesabu yake. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na jua hutuonekea sisi kabla halijawaonekea watu wa London. Kwa kadiri ya jua lenyewe tofauti ni yapata saa 2 u nusu. Lakini Afrika Mashariki imekubaliana kutumia saa za mstari ulioko mashariki zaidi, ndiyo maana mchana kati wa Nairobi, jua linapofika juu kabisa, saa husoma kama saa sita u nusu wala si saa sita kamili. Kwa hiyo tofauti ya saa ni 3. Tena Waingereza huisogeza saa yao mbele kila Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi, na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo katika miezi hiyo tofauti hupungua kuwa 2.

Saa zote zilizoandikwa katika tiketi ni saa za mahali ndege ilipo. Ndege ikiondoka Nairobi saa sita u nusu usiku na kuchukua muda wa saa 9, itatua wakati Nairobi ni saa tatu u nusu asubuhi. Katika majira ya baridi London itakuwa bado ni saa kumi na mbili u nusu, na asomaye tiketi atadhani safari ni ya saa 6 tu. Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Ndege ikiondoka London saa nne u nusu asubuhi na kuchukua muda wa saa 8 u nusu, kwa saa ya London hutua saa moja jioni, lakini Nairobi ni saa nne usiku, na tiketi huonyesha kana kwamba imeruka kwa saa 11 u nusu. Ipo njia rahisi ya kupata ukweli bila kujua lolote juu ya majira: jumlisha muda wa kwenda na muda wa kurudi kama unavyoonekana katika tiketi, kisha gawanya kwa mbili. Hapa 6 na 11 u nusu ni 17 u nusu, na nusu yake ni saa 8 na dakika 45, ambao ndio wastani wa kweli wa safari.

Katika kusoma tiketi Mswahili ana kazi moja zaidi ya Mzungu, kwa sababu tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, naye huhesabu kuanzia kucha na kuchwa. Palipoandikwa 09:30 aondoe 6, apate saa tatu u nusu. Palipoandikwa 22:00 aondoe 18, apate saa nne ya usiku. Tarakimu zenye hatari ni zile zinazoanza kwa 00. Kwa desturi ya kale ya pwani, siku huanza jua linapokuchwa, na usiku wa Jumatano ndio unaotangulia mchana wa Jumatano. Mwenye kufuata desturi hiyo hakosei: 00:30 ya Jumatano imo ndani ya usiku wa kuamkia Jumatano. Anayekosea ni yule aliyeiacha desturi nusu, akiita usiku kwa jina la mchana uliopita. Huyo na akumbuke kwamba kwa tiketi hiyo anatakiwa awe uwanjani Jumanne, yapata saa tatu u nusu za usiku, kwa kuwa abiria wa safari za ng'ambo huhimizwa kufika muda wa saa 3 kabla.

Mpokeaji wa mgeni naye ana hesabu yake, iliyo nyepesi zaidi. Hana haja ya kujua ndege iliondoka London saa ngapi wala imeruka kwa muda gani. Aulize saa ya kutua tu, ambayo imekwisha andikwa kwa saa za Nairobi, kisha aongeze muda wa saa 1 hivi kwa ajili ya hati za kuingilia nchini na mizigo. Kwa ndege inayotua saa nne ya usiku, gari la Murang'a laweza kuondoka huko saa mbili u nusu, watu wakiwa wamekwisha kula chakula cha jioni, na bado likafika kabla kijana hajatokeza mlangoni akisukuma masanduku yake.